Ngao Niliyoifunga Peke Yangu

Nakumbuka siku moja ya Mfunguo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, mwanangu, miaka michache kabla ya uhuru, nilipobaki nimesimama gatini Likoni, mikono imejaa grisi, nikiitazama feri ikiondoka na mama yangu. Siku nyingi za ujana wangu zimenitoka. Hata ya harusi yangu nakumbuka pilau tu, na kiatu kilichokuwa kikinibana. Lakini hiyo naikumbuka yote.

Nakuhadithia wewe kwa sababu tangu jana naiona pikapu yako imeegeshwa kando ya ukuta wangu, na ile ngao ya chuma ya kufunga mbele ya gari uliyoinunua imelazwa chini inangoja kufungwa. Nilikuona umechutama nayo peke yako na spana mkononi, unapima kwa shibiri, unajisemea mwenyewe. Nilitaka kutoka nije nitazame, kisha nikaona haya. Nikasema, kijana atajiuliza mzee huyu ana kazi gani na gari langu. Sasa umekuja mwenyewe kuniomba waya wa umeme, na umeme wenyewe umekatika, kwa hivyo huna pa kukimbilia. Keti.

Mimi nami nilikuwa na pikapu. Baba yangu aliniachia alipokufa, kuukuu, ya kijani, mlango mmoja haufunguki kwa ndani. Ndugu sina. Tulibaki mimi na mama katika nyumba ya makuti hapa hapa Likoni, mimi nikichukua nazi na mihogo kutoka Waa na Tiwi, na yeye akisomesha watoto barazani. Nusu ya mtaa huu walisomeshwa na mama yangu alifu na bee, kwa hivyo nusu ya mtaa walimwita mama. Mimi, mwanawe wa kumzaa, wivu ulikuwa ukinila. Nikirudi kutoka safarini nakuta watu barazani, nikiamka nakuta watu barazani. Kuna mtu kaja kusomewa, kuna mwingine kaja kulia, na mwingine kaja tu kwa sababu kasikia harufu ya kahawa. Nilikuwa mpweke katika nyumba iliyojaa watu, mwanangu, na upweke wa namna hiyo hauna wa kumwambia, kwa sababu kila utakayemwambia ndiye mmoja wa waliojaa.

Mwaka huo mama alijaaliwa kwenda Hija. Alikuwa ameweka kidogo kidogo tangu mimi mdogo, na wanafunzi wake wa zamani wakamtimizia. Siku hizo watu walikwenda kwa meli, kutoka Kilindini mpaka Jidda, na aliyeagana na mzee wake alijua huenda ndiyo basi. Nilimwambia, mama, nitakupeleka bandarini mimi mwenyewe, kwa pikapu ya baba. Akafurahi sana.

Basi siku moja tunatoka Waa, mimi naye, ng'ombe akaruka kutoka kichakani. Nilipiga breki lakini nilimgonga. Rejeta ikapasuka, na mama akajigonga paji la uso kwenye dashibodi. Uvimbe ulikuwa mdogo, na yeye akaucheka, akasema ng'ombe ndiye wa kupewa pole. Mimi sikucheka. Nilimwona amekaa kando ya barabara, amejifunika kichwa kwa ukaya wake, ananisubiri nitafute maji, nikamwona mdogo kuliko nilivyomdhania. Nikaapa kwamba gari langu halitampeleka mama bandarini bila ngao mbele.

Nilikwenda kuitafuta Changamwe, kwenye uwanja wa fundi mmoja aliyekuwa akinunua magari mabovu. Nikaipata. Ilikuwa imetoka kwenye lori kubwa, mabomba manene matatu yamelala, mawili yamesimama, na miguu ya kuifunga kwenye chasisi. Ilikuwa nzuri, wallahi. Ilikuwa pana mno kwa pikapu yangu, na nzito, lakini nilipoiona sikutazama nyingine.

Nilikaa Changamwe siku kadhaa kuikata na kuifunga, nikilala kwa mtu tuliyefahamiana barabarani. Fundi alikuwa akichomelea, lakini kupima na kukata nilisema nitafanya mwenyewe. Nikapunguza ncha za pande zote mbili, fundi akaziziba. Matundu ya miguu hayakukutana na matundu ya chasisi, nikatoboa mapya kwa keekee ya mkono mpaka viganja vikatoka malengelenge. Kisha nilipoisimamisha nikaona bomba la juu limekuja mbele ya taa kubwa. Hapo ndipo penye mkasa wote, kwa hivyo nisikilize vizuri. Njia ya sawa ilikuwa kulikata lile bomba la juu, au kuikata ngao katikati na kuifupisha. Nilisikitika kuiharibu, kwa uzuri wake, nikaishusha yote kwa shibiri nzima. Taa zikawa wazi. Bomba la chini likawa linaning'inia karibu na ardhi, nami nikaliona linapendeza, kama gari limevaa viatu vipya.

Fundi akaniuliza, "Gari hili linapita wapi na wapi?"

Nikamwambia, "We choma tu, bwana. Njia zangu nazijua mimi."

Akachoma. Nikaipaka rangi ya fedha. Usiku wa Ijumaa ule, huku nyumbani, mtaa mzima ulikuwa barazani kwetu kwa kisomo cha kumuaga mama. Wewe wajua desturi yetu. Anayekwenda Hija hatoki mpaka ametakana radhi na watu, na watoto wake ndio wa mwanzo. Watu walimshika mkono mmoja mmoja, wakalia, wakasameheana madogo na makubwa. Mimi sikuwako. Ningeweza kuja, feri ilikuwako. Lakini nilisema moyoni, nipange foleni na watu kwa mama yangu mwenyewe? Nitamwomba radhi mimi naye tu, bandarini, chini ya ngazi ya meli. Nilikuwa nimekwisha kuipanga picha yake, mwanangu. Mpaka maneno nilikuwa nayo.

Nikarudi na gari Jumamosi, wiki moja kabla ya safari. Maji yalikuwa mafu siku hizo, hayajai sana wala hayapwi sana, na feri ilikaa karibu sawa na gati. Nikashuka na kupanda bila hata kukwaruza. Na hapa pana desturi nyingine niliyoiruka. Mtu wa kwetu akitengeza chombo, kiwe gari au mashua, huita majirani. Ubani hufukizwa, Fatiha husomwa, kahawa huzunguka na kipande cha halua. Wazee hukizunguka hicho chombo, wakikigusa hapa na pale, wakisema maneno mengi ya upuuzi. Huyu atasema rangi haikukolea, yule atakuhadithia gari la shemeji yake. Mimi sikumwita mtu. Mama aliniuliza, "Bakari, hatulisomei gari dua?" Nikamjibu hakuna wakati. Kweli ni kwamba nilichoka na watu.

Mjomba wangu Hamisi, kaka yake mama, alikuwa amefanya kazi feri tangu ujana wake, akishika kamba. Alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Hata yeye sikumwita aje atazame.

Siku ya safari, meli ilikuwa iondoke kabla ya adhuhuri. Tukatoka nyumbani saa nne asubuhi, mama kakaa mbele kavaa nguo mpya, mapajani ana bati la visheti alivyokaanga kwa safari. Nyuma alikaa Mjomba Hamisi, na Bi Rukia, jirani yetu aliyekuwa akienda Hija pamoja naye, na masanduku. Watu wengine walikuja kwa miguu, mtaa mzima, wakisoma kaswida. Ilikuwa mwezi kumi na tano, mwezi mpevu. Mtoto wa pwani wa miaka saba angekwambia mwezi kumi na tano ni bamvua, maji hujaa na kupwa kupita kiasi, na saa nne yamepwa mpaka mawe yanaonekana. Nami nilijua. Lakini nilikuwa nikijua kama mtu anavyojua jina la jirani asiyesalimiana naye.

Mteremko wa gati ulikuwa mkali. Feri ilikuwa chini kule, na lile bamba lake la chuma, ambalo magari hupandia, limeinuka kutukabili. Nikateremka polepole. Magurudumu ya mbele yalipofika mwisho wa mteremko, bomba langu la chini likaligonga bamba la feri, likajichomeka chini ya ukingo wake. Nikarudisha nyuma, gari likakataa. Nikasukuma mbele, likazidi kuingia. Feri haikuweza kuondoka na magari hayakuweza kupanda, na watu wa feri wakaanza kunipigia kelele.

Nikashuka, nikachukua nyundo, nikaingia chini ya gari. Mjomba Hamisi akainama.

"Bakari, toka. Naita vijana tuinyanyue."

"Niache, mjomba. Nitaitoa mwenyewe."

"Mwanangu, wakati wapita."

"Nimesema niache."

Nikagonga. Nilikuwa nimelala chali kwenye maji ya chumvi na mafuta, nagonga lile bomba kwa nguvu zangu zote, na injini ya feri inanguruma karibu na sikio langu. Nikaona miguu ya mama imesimama kando ya gurudumu. Nilizijua ndara zake. Alisimama pale kitambo. Nikadhani ananisubiri, nikazidi kugonga. Kisha miguu ikaondoka.

Mwisho mjomba hakunisikiliza tena. Akaita, na vijana wakaja, wengi wao waliosomeshwa na mama, wakatia mabega chini ya ngao. Wakainyanyua mara moja tu. Gari likatoka kama halikuwahi kukwama. Wakaniambia nikae kwenye usukani, nikakaa, wakanisukuma kinyumenyume mpaka juu kwenye gati, maana feri ilikuwa imechelewa na nahodha wake hakutaka tena kuliona gari langu. Nilipovuta breki na kuruka chini, bamba lilikuwa limekwisha kuinuliwa. Mama alikuwa ndani. Masanduku yamebebwa vichwani na watu, Bi Rukia kamshika mkono. Alikuwa akinitazama. Feri ikasogea, nami nikainua mkono, na yeye akainua wake.

Nilivuka kwa feri ya pili, kwa miguu. Nikakimbia mpaka Kilindini. Lango lilikuwa limefungwa, askari akaniambia wasafiri wamekwisha kuingia, na meli inafungua kamba. Niliona watu wamejipanga ukingoni juu kule, wote wamevaa nyeupe, na sikuweza kumjua mama yangu ni yupi. Nilimpungia kila mmoja.

Niliporudi Likoni watu walikuwa wameondoka gatini. Gari lilikuwa pale pale, na juu ya kiti kulikuwa na lile bati la visheti. Alilisahau, au aliniachia, sijui hadi leo. Nikakaa kwenye kiti chake, si changu, nikalipakata. Mjomba Hamisi akaja akakaa kwangu, kwenye usukani, asiyejua hata kuendesha. 

Kisha akasema, "Sikukasirikii chuma. Chuma chakatwa. Nakukasirikia kwamba tulikuwako sote hapa, na hukumwita hata mmoja akatazama. Mimi feri hii naishika kamba tangu hujazaliwa. Ungaliniita nikanywa kahawa yako, ningaliinama nikakwambia, Bakari, ngao hii siku ya bamvua haishuki. Neno moja tu. Wala nisingetaka shukrani."

Nikamwambia, "Nilitaka nimpeleke mwenyewe."

"Najua," akasema. "Hata sisi tulitaka."

 Mpaka siku ile sikuwa nimefikiri kwamba na yeye alikuwa akiagana na dada yake.

Habari zilikuja baada ya Mfunguo Tatu, mwezi wa Hija. Mama aliteremka Arafa salama, Hija yake ikatimia, kisha akashikwa na homa akafa huko, akazikwa Makka. Watu walijaa barazani. Na unajua walivyosema: mamako kabahatika, kila mtu aomba mwisho kama huo. Ni kweli, nami nilisema alhamdulillahi. Lakini walikuwa wakinipa mkono kama mtu aliyepata, na mimi ndani yangu nilikuwa nikijiuliza jambo moja tu. Mama yangu ameondoka yu radhi nami, au ameondoka na picha ya mwana anayegonga chuma na kumfokea mjomba wake? Wote hawa wana radhi yake. Watoto wa watu wanayo. Mimi sina. Sikuweza kumwambia mtu. Usiku huo nilikula kisheti kimoja katika bati lile, kilikuwa kimekwisha kuota ukungu, nikakila hivyo hivyo.

Bi Rukia alirudi na meli ya mahujaji. Hakupitia kwake. Alikuja kwetu moja kwa moja, na vumbi lake na maji yake ya zamzam, akakaa barazani mahali pa mama.

"Bakari, nina amana yako," akanambia. "Siku ile gatini, ulipokuwa chini ya gari, mamako alikuja akasimama kando yako."

Nikamwambia nilimwona miguu.

"Alikwambia, mwanangu, nimekuwia radhi, duniani na akhera. Alikwambia mara mbili. Mashine ya feri yanguruma, nawe wagonga. Kisha tukaingia. Basi melini kila siku aniuliza, Rukia, yule alinisikia? Namwambia alikusikia. Hata alipokuwa na homa aliniuliza. Nikamwambia, alikusikia, alitikisa kichwa, nilimwona."

Akajifuta uso kwa ncha ya ukaya.

"Mimi nimetoka Hija, Bakari, sitaki kukaa na uongo. Ndiyo nimekuja kabla sijafika kwangu. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Tikisa kichwa."

Nikatikisa kichwa. Akainuka, akaenda kwake. Nami nililia siku hiyo mbele ya watu wote waliokuwa barazani, na kwa mara ya kwanza sikutamani waondoke.

Ngao ile niliikata bomba la chini. Pikapu nikaiuza kabla bendera ya uhuru haijapandishwa, na ngao nikabaki nayo, hayo mabomba unayoyaona kwenye banda langu la kuku ndiyo hayo. Bi Rukia alikufa, mjomba alikufa, mke wangu naye ameshatangulia. Watoto wangu wako Maskati na Nairobi, wananipigia simu, Mungu awabariki, wananiuliza nimekula nini. Baraza hii iliyokuwa ikijaa mpaka nikaikimbia nikaenda Changamwe, sasa nakaa mimi na redio. Nikisikia hatua za mtu uchochoroni nazima redio, nikidhani anakuja kwangu.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, na nitaisema wazi, maana mimi niliambiwa maneno mawili nisiyasikie kwa makelele niliyoyafanya mwenyewe. Ukimpenda mtu, usimtake peke yako. Mama yangu alikuwa na nafasi ya kutosha, mimi ndiye niliyeiona ndogo. Radhi ya mzazi iombe leo, barazani, hata mbele ya watu, hata kwa maneno mabaya, usiiwekee mahali pazuri pa kuiombea. Unalo hilo la kufanya jioni hii. Mamako yuko nyumbani, nimemsikia akikuita. Na kazi yako, iwe nzuri vipi, waache watu waitie pua zao. Watakuudhi. Tisa katika kumi ya watakayosema ni porojo. Wewe wape kahawa, uvumilie, uwasikilize mpaka mwisho.

Umeme umerudi, waya ule pale nyuma ya mlango, uchukue. Lakini ngao hiyo, ukishaishikiza, kabla hujaikaza nati, niite. Nitakuja na fimbo yangu, nitaizunguka, nitasema rangi haikukolea, nitakuhadithia gari la shemeji yangu. Kisha nitainama, ukinishika mkono, nitazame chini. Halua nitanunua mimi.

Mwenyezi Mungu akulinde njiani, wendapo na urudipo. Akukinge na ng'ombe na wenye magari. Akupe wa kukaa nawe barazani ukiwa mzee, na akupe, kabla ya hapo, moyo wa kuwakaribisha. Mimi nimekuwia radhi kwa kunikalia hivi. Umesikia? Basi tikisa kichwa.